Pamba Ndani ya Kopo

Nyie wenye meno yote kinywani, nasema na nyie kwanza. Wazee wenzangu wameshakula walichokula, wameshajua kilikuwa na sumu au hakikuwa nayo. Nyie bado mnachagua. Basi kaeni chini msome, na simu muiweke kando, maana neno mimi sirudii.

Mimi ni bibi wa Litapunga. Nilizaliwa Mpimbwe kwenye mpunga, nikaolewa huku kwenye mahindi na karanga. Shule nilifika darasa la tatu, baba akasema inatosha, ndege wanamaliza mpunga na hakuna wa kuwafukuza. Herufi nilizopata kabla ya ndege ndizo hizi.

Ugonjwa wangu ulianza wakati wa palizi. Ubavu wa kushoto ukawaka kama nimemwagiwa uji wa moto, na kesho yake yakatoka malengelenge yamepangana kutoka mgongoni mpaka chini ya ziwa. Mkanda wa jeshi. Jirani mmoja akasema nimekojolewa na buibui, mwingine akasema nimetupiwa kitu. Nikapaka dawa ya majani, nikafunga khanga, nikarudi shambani. Magugu hayangoji mtu apone.

Ikaja homa. Nikaenda zahanati, nikatobolewa kidole, nikaambiwa malaria. Nikameza. Ikarudi. Nikaambiwa taifodi. Nikameza. Ikarudi, nikaambiwa malaria na taifodi vyote kwa pamoja. Nikameza mpaka tumbo likawa linalia kama debe. Hakuna hata mmoja aliyewaza jambo jingine, kwa sababu mbele yao alikuwa amekaa bibi kizee mjane na rozari shingoni. Vijana, kuna watu wanaoonekana wagonjwa kabla ya kupimwa, na kuna watu ambao hata wakiwa wagonjwa hawapimwi. Mimi walinikalisha upande huu. Mjukuu wangu Furaha walimkalisha upande ule. Na sote wawili tungekufa kwa sababu ya viti hivyo.

Mvua zilipokata nilikuwa nimeisha. Pete ya ndoa ikawa inateleza, nikaizungushia uzi. Nywele zikalainika kama za mtoto mchanga. Kinywani nikaota utando mweupe, ugali ukawa unanikwaruza kama mchanga. Siku moja nikitoka misa ya pili nilijiharishia njiani. Mimi, niliyekuwa nawafunga mikanda wanakwaya wasijiachie ovyo. Wanawake wa jumuiya walinipita wakiwa wameziba pua kwa vitambaa, kisha wakaja jioni kuniombea. Niliwapa kiti. Chai sikuwapa.

Sasa niwaambie Furaha ni nani.

Huku kwetu bibi na mjukuu ni watani. Mjukuu wa kiume namwita mume wangu, wa kike namwita mke mwenzangu, kwa sababu ananigombania mzee wangu. Furaha ni mtoto wa mwanangu Deo. Alipozaliwa wakasema ni mvulana, na mimi nikawa namwita mume wangu kama ada inavyotaka. Siku moja, hata meno ya utoto hayajang'oka, nikamwita: "Mume wangu, niletee kuni." Akaweka mikono kiunoni.

"Mimi siyo mume wako. Mimi mke mwenzako. Babu ni wangu."

Tulicheka wote. Babu yake alipaliwa na chai. Mtoto peke yake hakucheka. Alikwenda akaleta kuni, akaziweka chini, akasimama kungoja nimwite vizuri.

Nikamwita mke mwenzangu. Nilidhani ni mchezo. Akakua, mchezo haukuisha. Deo akapiga, akachoka, akapiga tena. Padri akaitwa. Mganga naye akaitwa, kwa mlango wa nyuma. Mtoto akabaki alivyo, kasoro jino moja. Alipopata akili ya kutosha alikwenda mjini Mpanda, akapanga chumba Kawajense, akajifunza kusuka. Sasa hivi mabibi harusi wa mjini wanasukwa na yeye, wakishatoka hapo wanamsema. Jina alilobatizwa silitaji hapa. Mwenyewe halitaki, na mimi sioni faida ya kumvua mtu nguo mbele za watu.

Aliposikia nimeisha, alikuja na pikipiki ya kukodi mpaka mlangoni. Deo akasimama kwenye kizingiti.

"Humu huingii na hayo mavazi."

"Siingii, Baba. Nimemfuata Bibi. Nipitishie tu, nitampokea hapa hapa."

Nikatoka kwa miguu yangu. Alinifunga kwa khanga mgongoni mwa dereva, naye akakaa nyuma yangu akinishikilia, tukaenda mjini watatu juu ya pikipiki moja kama magunia.

Chumba chake kilikuwa kimoja, kitanda upande huu, viti vya wateja upande ule, pazia katikati. Alinipa kitanda. Aliniogesha. Alinipikia uji wa karanga mwepesi, akaupoza kwa kuuhamisha kutoka kikombe hiki kwenda kile, ili usiuunguze ulimi wangu. Kucha zangu alizikata yeye. Mwanangu wa kumzaa hajawahi kuziona kucha zangu za miguu.

Wenzake walikuwa wakija mchana kusukana. Nitawataja wawili tu. Zai, mrefu, mdomo kama kiwembe. Na Pili, mnene, mwoga, ambaye kila akicheka anafunika mdomo. Wote ni kama Furaha, walizaliwa wakaitwa wavulana na wenyewe wanajua ni wanawake. Siku za kwanza niliwaangalia kwa jicho la pembeni. Wao wakanisalimia shikamoo wakipiga magoti, jambo ambalo wajukuu zangu wengine wamelisahau.

Siku moja Furaha alikuwa anakung'uta mto, kikadondoka kipakiti. Nikauliza ni nini. Akakirudisha haraka ndani ya foronya.

"Kitu cha kazi, Bibi."

"Kazi gani inalala ndani ya mto?"

Zai akacheka. "Mwambie Bibi! Kimelala humo tangu mvua za kwanza. Kingekuwa yai kingeshaanguliwa."

Ndipo wakanieleza. Ni kipimo cha virusi vya Ukimwi cha kujipima mwenyewe. Hakitaki damu. Unapangusa ufizi kwa kijiti, juu mara moja na chini mara moja, unakitumbukiza kwenye kichupa chenye maji yake, unangoja muda wa kuivisha ugali na mboga yake. Ukitokea mstari mmoja, hakijaona kitu. Ikitokea miwili, uende hospitali ukapimwe tena kwa damu. Kuna dada mmoja anawaletea, anapita kimya kimya kama muuza gongo.

"Na mmepima?"

Wakatazamana.

"Mimi nimepima," Zai akasema. "Mimi nakipenda hiki. Hakina macho, hakina mdomo. Bibi, mimi nilikwenda pale kwa miguu yangu kupimwa damu. Yule nesi akasoma lile jina kwenye kadi, akaniangalia kifua, akasoma tena kwa sauti. Halafu akawaita wenzake. 'Njooni muone!' Wakaja watatu. Mmoja ana sambusa mkononi. Nilitoka na damu yangu yote. Hiki hakijaniuliza kama mimi ni nani. Mate tu."

"Hicho hicho ndicho kinachonitisha," Pili akasema. "Hakina mdomo. Zai, mistari ikiwa miwili, nani ananiambia kaa kwanza, kunywa maji? Niko peke yangu na kijiti. Nesi hata kama ananitukana, angalau kuna mtu. Na kikionekana nyumbani je? Shemeji yako akikikuta kwenye begi, ataniuliza nimekipata kwa mwanaume gani."

"Shemeji yangu yupi? Yule mwenye mke?"

"Nyamaza wewe."

Furaha alikuwa anakunja khanga ambayo ilikwishakunjwa. Nikamuuliza, wewe unaogopa nini?

"Bibi, mimi nikiwa nao, watafurahi," akasema. "Baba atafurahi. Atasema si niliwaambia? Sitaki kuwapa hiyo furaha. Bora nisijue."

Vijana, nimesikia mahubiri mengi kanisani. Sijawahi kusikia neno lililonikata kama hilo. Mtu anakataa kujua kama anakufa kwa sababu kuna watu wamekaa wanangoja kushangilia.

Nikamwambia alete kipakiti. Kwetu mtu akikukaribisha pombe, yeye mwenyewe anaonja kwanza, ndipo anakupa wewe. Anaondoa sumu. Mgeni akiona mwenyeji amekunywa na hajadondoka, naye anakunywa kwa amani. Hata mtoto anajua hivyo. Nikasema: "Mimi mkubwa humu ndani. Mimi ndiye ninayeonja. Mkiona bibi kizee amejipangusa fizi na hajafa, na nyie mtajipangusa. Zai, kuna kingine?"

"Ninavyo kwenye begi. Lakini Bibi, wewe? Wewe kipimo cha nini? Kitacheka hiki!"

"Acha kicheke."

Nikafungua kinywa. Zai akapiga kelele, "Ngoja! Bibi ana ugoro!" Kweli nilikuwa nao chini ya mdomo. Wakanisukutua na maji kama wanaosuuza chupa, wakaniambia haifai hapo hapo, lazima kinywa kitulie kwanza. Tukangoja. Pili akasimulia jinsi mama mkwe wa harusi moja alivyong'oka wigi. Tulikuwa na furaha. Hicho ndicho ninachokikumbuka, kwamba tulikuwa na furaha.

Nikajipangusa juu, nikajipangusa chini. Zai akakitumbukiza kijiti. Mboga ya kuhesabia muda ikaiva.

Wa kwanza kuangalia alikuwa Pili. Akafunika mdomo, na hakuwa anacheka.

"Kimeharibika hicho," Zai akasema. "Ni ule ugoro."

Nikakichukua nikapeleka dirishani. Mstari wa juu, na wa chini yake mwingine, mwembamba lakini umekaa. Macho yangu bado yanachambua mchele na chuya, mistari miwili hainishindi.

"Hakijaharibika," nikawaambia. "Kimefanya kazi kuliko zahanati nzima."

Furaha akakaa chini sakafuni. Na aliyeinuka ni Pili, yule mwoga aliyesema atakosa wa kumwambia kaa kwanza. Akanishika mabega, akanikalisha, akaniletea maji. "Bibi, hili siyo jibu la mwisho. Kinakuambia nenda tu. Tutaenda wote."

Nikanywa maji. Nikasema, mwenyeji amekunywa na amekaa, hajadondoka. Nani anafuata?

Furaha akachukua chake, akaingia nyuma ya pazia. Alikaa huko peke yake, kisha akaniita mimi tu. Mnataka kujua kilisema nini? Hamtajua. Majibu yale ni yake, ameyaweka anapotaka. Nimeandika yangu, na hayo yanawatosha.

Sasa hospitali. Nyie mnaokwenda mara ya kwanza, mjue kwamba kinachoumiza ni benchi, sindano haifiki hapo. Benchi la kliniki ile liko mahali ambapo kila anayekwenda kwa meno, kwa macho, kwa uzazi, lazima akupite. Wanawake wanajifunika khanga mpaka puani. Nilimtambua mmoja kwa miguu yake, wa jumuiya yetu, mmoja wa wale walioziba pua. Nilimsalimia kwa sauti, jina zima. Nilitaka aumie. Aliumia.

Furaha alikuwa amenishikilia mkono. Nesi akatoka na kadi, akatuangalia, akaacha kuniangalia mimi.

"Na huyu? Mwanaume au mwanamke? Maana hapa tunapanga foleni tukijua."

Benchi likacheka. Watu wenye ugonjwa mmoja, wamekaa kwenye ubao mmoja, wamejifunika wasionekane, walipata nguvu ya kumcheka mtu. Furaha mkono wake ukaanza kutoka kwenye wangu. Alikuwa anaondoka, kama Zai alivyoondoka. Nikamkamata.

Nikasimama. Nilikuwa sina kilo, lakini sauti ilikuwa bado imo.

"Huyu ni mke mwenzangu," nikasema. "Umeita mgonjwa. Mgonjwa ni mimi. Unataka kuona mwili, uangalie huu wangu uliokwisha, hospitali zenu zimeuangalia tangu palizi hazikuuona."

Ndani akatoka nesi mwingine, mwanaume wa makamo, akasema, "Mama, karibu. Na mwenzako aingie." Akaleta viti viwili. Aliposema mwenzako hakuuma meno. Nimekutana na wema mdogo mdogo katika ugonjwa huu, na hiki kiti cha pili ndicho ninachokiweka juu.

Damu ikasema kilekile yalichosema mate. Wakanieleza dawa, moja kila siku, wakati uleule, maisha yote. Nikauliza nimeupata wapi. Yule nesi akasema, Mama, kipimo hakijui hilo. Umezaa lini mara ya mwisho? Nikamwambia nilimaliza kuzaa kabla hawajaanza kupima wajawazito. Mzee? Amekufa. Kwa nini? Kifua, nikasema. Aliugua kifua muda mrefu, tukamzika na kwaya mbili.

Hakuuliza tena. Akanipa kopo. Nikalitikisa, likalia kama njuga. Akatabasamu.

"Bibi, wengine hawapendi lisikike njiani. Ukitaka, weka pamba ndani. Halitalia."

Nilikaa nimeshika kopo lile. Furaha akaniuliza kama nasikia kizunguzungu.

Nyuma ya nyumba yetu Litapunga kulikuwa na miche michache ya pamba. Mume wangu alikuwa akienda mjini kila mwezi, Deo akimwendesha kwa baiskeli, na kila kabla ya kuondoka alikuwa akiniambia, "Mama Deo, nitolee pamba kidogo. Upepo wa njiani unanitoboa masikio." Nikawa natoa mbegu kwa kucha, naichambua ikawa laini, nampa. Sikuwahi kumwona na pamba sikioni. Nilifikiri anaitoa akifika. Miaka yote hiyo nilimchambulia pamba, na yeye alikuwa akimeza dawa yake, akirefusha siku zake, akiingia kitandani kwangu akiwa kimya kama lile kopo. Mimi mwenyewe nililiziba mdomo kwa mikono yangu.

Nilirudi Kawajense. Dawa za mwezi wa kwanza zilinipa ndoto mbaya. Namwona mzee anacheza kanisani na pamba inamtoka masikioni. Halafu njaa ikaja, njaa ya aibu, nikawa nala kama mlimaji. Utando ukaondoka kinywani. Watu walipoanza kuvuna karanga, pete ilikaza nikautoa uzi. Pete yenyewe nikaitoa pia.

Karanga zilipokuwa uani zinakauka nilirudi Litapunga, Furaha akiwa nami, kwa sababu nilikuwa bado natembea nikishika ukuta. Habari ilitutangulia. Yule wa benchini alilipa deni lake.

Mkamwana wangu, mke wa Deo, ambaye siye mama yake Furaha, alikuwa amekwishatenga kikombe. Cha plastiki, chekundu, kimetundikwa nje kwenye msumari peke yake. Nilidhani ni changu. Ningeelewa. Lakini chai ilipokuja, mimi nikapewa kikombe cha udongo cha siku zote, na kile chekundu akapewa Furaha.

Nikanywa chai yangu nione mwisho wake. Jioni jua halijazama, Deo akaja na kiti, akakaa kama mwenyekiti.

"Mama, nimeongea na wazee. Wewe tutakuuguza, wewe ni mama yetu. Lakini huyu asilale hapa. Ugonjwa amekuletea yeye."

"Amenipa kwa njia gani?"

"Alikuwa anakukata kucha. Kwa wembe. Anakuogesha, anakufulia. Watu wa namna hiyo wanao wote, Mama, hilo linajulikana. Aseme hapa mbele yetu. Amepima? Aseme majibu yake."

Furaha akainuka. "Bibi, niache niende. Usigombane kwa ajili yangu."

"Kaa." Akakaa. "Deo, majibu yake ni yake. Hapa tunaongea yangu. Na mimi nilianza kuugua nikiwa humu ndani mwako, kabla huyu hajanigusa hata ukucha. Sasa nijibu. Baba yako alikuwa akiweka pamba masikioni?"

Mkamwana akauliza, "Pamba gani, Mama?"

Sikumwangalia yeye. Nilimwangalia mwanangu. Alikuwa ameinamisha kichwa anaangalia karanga, kama mtu anayetafuta zilizooza.

"Ulikuwa ukimwendesha kila mwezi. Ulikuwa ukimngoja wapi? Nje ya benchi?"

"Mama, mzee alinikataza."

"Alikukataza akiwa hai. Alipokuwa kaburini alikuwa akikuzibaje mdomo?"

"Ilikuwa heshima yake, Mama. Mzee wa kanisa. Ningesemaje?"

"Ungesema: Mama, kapime. Maneno mawili. Umeniona natobolewa kidole mara ngapi, umeniona najiharishia barabarani, ukaniletea maji ya baraka. Ulikuwa unajua. Nyumba hii ilikuwa na heshima moja tu ya kugawa, Deo, na wewe ukampa maiti. Mimi nikakosa. Na aibu iliyobaki ukamtafutia mtoto wako mwenyewe aibebe, kwa sababu yeye amezoea kubeba."

Alilia. Wanaume wazima wakilia watu hulainika. Mimi sikulainika, na siandiki hapa kuwadanganya kwamba nimelainika. Anakuja kunisalimu, namwitikia. Analeta kuni, napokea. Nimemzaa, sitamzaa upya.

Kaburi la mzee nimelifyekea kama kawaida. Nikimaliza kufyeka simwombei, nakaa tu. Nitamwuliza tukikutana.

Kikombe chekundu nilikitoa msumarini, nikawa nanywea mimi. Mkamwana akasema, "Mama, hicho siyo chako." Nikamwambia mgonjwa wa nyumba hii anayejulikana ni mmoja tu, na ndiye anayekinywea. Kesho yake vikombe vyote vilikuwa kwenye kichanja kimoja.

Vijana, mnaniuliza nawaachia nini. Nawaachia hili. Kile kijiti hakina ubaya. Nimesikia wazee wanasema ni cha kuwatia watu umalaya, wengine wanasema ni cha watu wa namna fulani tu. Mimi nimekitia kinywani nikiwa na wajukuu kumi na ushee na rozari shingoni, na kimeniona pale ambapo wenye makoti meupe hawakuniona. Lakini msimpe mtu kijiti mkamwacha nacho peke yake nyuma ya pazia, kisha nyie mmekaa nje mnangoja kushangilia. Mkifanya hivyo atakiweka ndani ya mto mpaka mvua zirudi. Na Pili? Pili alijipima wakati wa kuvuna mpunga, mimi nikiwa nimekaa mlangoni kwake na chupa ya maji. Kwa nini mlangoni? Kwa sababu ndiko alikotaka nikae.

Mvua za kwanza za mwaka huu zilipoanza niliwaita wote ndani: Deo, mkamwana, wajukuu, na Furaha aliyekuwa amekuja kunipandia mahindi. Nguvu zimenirudia, sijawaita kwa kuwa nakufa. Nimewaita kwa sababu nazijua nyumba, nazijua siku za msiba, najua nani husukumwa nje ya mlango watu wakianza kugawana kazi.

Niliwaambia hivi. Nikifa, maiti yangu haitashikwa na mikono iliyonificha. Wanawake wataingia chumbani kuniosha, na Furaha ataingia pamoja nao, kwa sababu ni mke mwenzangu na amenijua nikiwa mfupa.

Mkamwana akaanza, "Mama, watu watasema..."

"Watasema, na nyie mtawapa chai." Nikamgeukia Deo. "Wewe utakaa nje na wanaume. Atakayekuja kumzuia Furaha mlangoni, umwondoe wewe, kwa mkono wako huo huo. Na kucha zangu asikate mtu mwingine."